Hakuna Kisu Kilichomgusa Senje

Senje, yaani shangazi yangu, alikuwa akifumua pindo la sketi ya shule aliponiuliza. Wembe ulikuwa katikati ya vidole viwili, nusu yake umefungwa karatasi usimkate, na mkono wake ulitembea polepole juu ya mshono, uzi mmoja baada ya mwingine, bila kukijeruhi kitambaa.

"Mwalimu," akasema. Ananiita hivyo tangu nipate kazi, hata tukiwa wawili tu. "Hakuna kisu kilichonigusa. Si ndiyo?"

"Ndiyo, senje."

"Ile sindano walinidunga Machi. Na huko mgongoni wanasema imekuwako kabla ya Machi."

"Ndivyo walivyosema."

"Basi ilifikaje mgongoni?"

Nikamwambia saratani yake ilipitia kwenye damu. Lilikuwa jibu la haraka, jibu la mtu anayetaka kumaliza chai yake. Hakuinua macho.

"Damu iko ndani ya mishipa," akasema. "Mishipa ina kuta. Na donge lilikuwa kwenye titi, nje ya hiyo mishipa. Ilitokaje, ikaingiaje?"

Nimefundisha bayolojia Nakuru kwa miaka 11. Sikuwa na jibu.

Swali lile lilipanda nami matatu pale Khayega, likashuka nami Nakuru. Lilikaa chumba cha walimu, likakaa jikoni saa nne za usiku. Hii ni wiki ya saba. Naandika ili nipate usingizi.

## Miezi minane

Sitaeleza hofu ya kisu. Kama umekulia popote kati ya Kisumu na Kitale umeisikia: uvimbe ukiguswa na kisu hukasirika, na ukikasirika husambaa. Kila ukoo una ushahidi wake. Kwetu ni mama mmoja wa ng'ambo ya mto aliyekwenda kukatwa, akarudi, akazikwa kabla ya mahindi kuvunwa. Hakuna anayeuliza uvimbe ulikuwa umefika wapi siku aliyopanda kitanda cha upasuaji. Kisu kilionekana. Kilichotangulia kisu hakikuonekana.

Senje alilipata donge Julai, akioga. Kliniki ya kwanza ilimwambia ni jipu, ikampa vidonge. Akarudi, ikampa vingine. Miezi hiyo miwili si yake, na nataka iandikwe mahali.

Septemba ndipo alipoelekezwa akafanyiwe biopsi, kuchukuliwa kipande cha donge kwa sindano kikapimwe, naye akakataa. Akakataa tena Krismasi mbele yetu sote, nami mwenye shahada nikanyamaza, kwa sababu sebule ilikuwa imejaa wazee na sikutaka kuonekana namfundisha dada ya baba yangu. Mgongo ulipoanza kuuma Januari alilaumu jembe.

Machi akakubali. Skani ikaonyesha imeshafika uti wa mgongo.

Kwa hiyo swali lake halikuwa la bayolojia tu. Alikuwa ametimiza sharti. Alikaa miezi minane bila kisu kama alivyoshauriwa, na kitu kile kikasafiri vilevile. Alitaka kujua ni nani aliyevunja mapatano.

Nami nilikuwa na hofu yangu. Jibu la kweli, likitoka vibaya, lingesikika kama hukumu.

## Povu kwenye glasi

Kila mwaka huwapa wanafunzi wangu wapya kipande cha ini na haidrojeni peroksaidi. Povu linapanda, wanapiga kelele, naandika ubaoni: kimeng'enya huharakisha mmenyuko bila chenyewe kutumika. Kisha mfano wa kufuli na ufunguo. Kisha mate na wanga, pepsini na nyama, kengele inalia. Mwanafunzi wangu anatoka akiamini kwamba vimeng'enya, au enzaimu kama wanavyopenda kuziita, huishi tumboni na kazi yao ni chakula.

Mimi mwenyewe nilikuwa karibu kuamini hivyo.

Wapishi wanatushinda hapa. Anayepaka nyama ngumu papai bichi anajua kwamba ule utomvu unakata bila jino. Wapika busaa, ile pombe ya nafaka, wanajua kazi ya kimea: wimbi lililooteshwa, likakaushwa, likasagwa, huutia uji mzito wepesi na sukari ya kuchachuka. (Senje ni muumini wa kanisa la Friends, busaa haimhusu. Lakini kimea anakijua. Hakuna mtu wa Kakamega asiyekijua.) Kitu kidogo kinachanganywa, kinaachwa, na kilichokuwa kigumu kinalegea.

Sikuwa nimewahi kukaa chini nikafikiri kwamba mwili huyafanya hayo kwa nyama yake wenyewe. Mfupa uliovunjika ukiungwa, kidonda kikifunga, tumbo la uzazi likirudi udogo wake baada ya mtoto kuzaliwa: kote huko kuna vimeng'enya vinavyofumua tishu ya zamani ili mpya ipate nafasi.

## Bitana

Nilianza na titi, kwa kuwa ndiko alikoanzia yeye.

Vijifereji vya maziwa vimepangwa seli kwa ndani, na chini ya seli hizo kuna utando wa msingi. Huo utando ni mwembamba kuliko unywele mara mamia, umefumwa kwa protini, kubwa miongoni mwake ikiwa kolajeni ya aina ya nne. Niliposoma mara ya kwanza niliona neno tu. Mara ya pili nikaona koti. Senje hawezi kushona koti bila bitana: kitambaa kile cha ndani kisichoonekana na mtu, ambacho bila hicho koti zima hulegea.

Saratani nyingi za titi huanzia ndani ya vijifereji hivyo. Na mradi seli zimebaki upande wa ndani wa bitana, hazina njia ya kwenda popote, kwa sababu upande ule hakuna mshipa wa damu. Madaktari huiita hatua sifuri. Zikivuka, ugonjwa hubadilika jina na kuwa saratani vamizi, maana ng'ambo ya utando kuna kapilari (mishipa midogo kabisa ya damu) na mirija ya limfu, na barabara zote za mwili.

Kati ya sifuri na vamizi pana kitambaa kimoja tu.

Nilikuwa nimedhani kwamba uvimbe hupasua kitambaa hicho kwa unene, kama gunia lililojazwa kupita kiasi. Mwaka 1980 Lance Liotta na wenzake, wakifanya kazi Bethesda huko Marekani, walichapisha jambo tofauti. Walichukua seli za uvimbe wa panya, baadhi zenye tabia kali ya kusambaa na nyingine zisizosambaa sana, wakazipima kwa uwezo wa kuyeyusha kolajeni hiyo ya aina ya nne. Zile za kusambaa ndizo zilizoyeyusha zaidi.

Hazikupasua. Zilifumua.

Hapo nilisimama kutoka mezani. Ilikuwa saa sita usiku, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na nusu ya jibu lake.

## Mkia

Nusu ya pili ilitoka mahali ambapo nisingepatafuta.

Kimeng'enya cha kwanza cha ukoo huu wa kufumua kolajeni hakikugunduliwa kwenye saratani. Kiligunduliwa mwaka 1962 kwenye mkia wa kiluwiluwi. Jerome Gross na Charles Lapière, wakiwa Boston, walijiuliza swali ambalo mtoto yeyote aliyechezea mtaro angeweza kuuliza: kiluwiluwi akiwa chura, mkia huenda wapi? Haudondoki. Unaisha. Na mkia umejaa kolajeni, protini ngumu kiasi kwamba ngozi ya ng'ombe na kano za misuli zinaitegemea. Wakachukua vipande vya mkia, wakaviweka juu ya tabaka la kolajeni iliyoganda, wakangoja. Kolajeni ikayeyuka kuzunguka kila kipande.

Tishu hai ilikuwa inatoa kitu kinachokata kolajeni. Leo tunajua kwamba binadamu ana aina 23 za ndugu zake. Huitwa metaloproteinezi za matriksi, kwa kifupi MMP: matriksi ni kile kitambaa cha protini kilicho kati ya seli, na "metalo" ni kwa sababu katikati ya kila kimoja hukaa atomi ya zinki, na hiyo zinki ndiyo makali.

Wiki mbili baada ya kusoma hayo nilikuwa nikirudi Khayega. Matatu ikapata pancha Ahero, karibu na mashamba ya mpunga. Abiria wengine walikwenda kununua maji. Mimi nilichuchumaa kando ya mtaro, na viluwiluwi walikuwepo, weusi, wengi, wengine tayari wana miguu ya nyuma na mikia iliyoanza kunywea. Kondakta aliniuliza kama nimeangusha simu.

Nilibaki nikiwatazama. Mkia wa kila mmoja ulikuwa unaliwa na mwenyewe, kwa amri ya homoni ya tezi ya shingo, hadi mahali panapotakiwa, na hapo ulaji hukoma. Hakuna chura aliyewahi kuendelea mpaka akala mgongo wake.

Kilichonisumbua Ahero, na bado kinanisumbua, ni kwamba saratani haikubuni silaha. Ilichukua chombo kilichokuwa ndani ya nyumba.

## Karatasi kwenye wembe

Ukiwa na nyembe 23 ndani ya mwili mmoja, lazima uwe na namna ya kuzihifadhi.

Mwili hutengeneza vimeng'enya hivi vikiwa vimefungwa. Kila kimoja huzaliwa na kipande cha ziada cha protini kilichoingia kwenye makali na kuishika ile zinki, na mpaka kipande hicho kikatwe, kimeng'enya hakikati chochote. Nusu ya wembe wa senje iliyofungwa karatasi, basi. Tena kuna walinzi, protini nne ziitwazo TIMP, zinazozunguka zikikamata kimeng'enya kilichofunguliwa na kukiziba. Karatasi kwanza, mlinzi baadaye. Kidonda cha mkono wako hufunga bila mkono kuyeyuka kwa sababu ya mpango huo.

Seli ya saratani huvuruga hesabu. Huongeza nyembe, au hupunguza walinzi, au hufungua karatasi mahali pasipofaa. Mwaka 1994 watafiti wa Japani walieleza aina ya MMP isiyoogelea huku na huko, bali imepandwa kwenye ngozi ya seli yenyewe. Hiyo huchukua mwenzake aliyefungwa, MMP-2, na kumfungua papo hapo, mbele ya uso wa seli. Seli hutoa vijiguu vidogo vinavyochomoza kuelekea utando, na makali hukusanywa kwenye ncha za vijiguu hivyo. Kwa hiyo haiyeyushi kila kitu ovyo. Hufungua tundu la kutosha mwili wake, ikapita.

Halafu hurudia kwenye mshipa. Ukuta wa kapilari nao una bitana ya aina ileile. Seli inafumua ili iingie damuni, inachukuliwa, na huko mbali inatafuta namna ya kutoka. Nyingi mno hufa njiani. Damu ni mahali pabaya kwa seli isiyo ya damu. Lakini donge moja linaweza kurusha nyingi kila siku, na moja tu ikipona inatosha.

Ilitokaje, ikaingiaje. Senje aliuliza kwa mpangilio sahihi kuliko vitabu vyangu.

## Jirani

Nilidhani nimemaliza. Nikafungua daftari kuandika maelezo ya kumpelekea, kisha nikakutana na kazi ya mwaka 1990 kutoka Strasbourg, Ufaransa, iliyoharibu kila nilichoandika.

Kundi la Pierre Chambon lilikuwa limepata kimeng'enya kipya cha ukoo huu kwenye saratani za titi. Walipotafuta ni seli zipi zinakitengeneza, hawakukuta seli za saratani. Walikuta faibroblasti, seli za kawaida zinazoishi kando ya uvimbe, kazi yake kufuma na kutengeneza tishu. Jirani mwema ndiye aliyekuwa ameshika wembe.

Kwa nini? Kwa sababu ameambiwa kuna kidonda. Mwaka 1986 Harold Dvorak wa Boston alikuwa ameshaandika kwamba uvimbe huigiza kidonda kisichopona: hutuma ishara zilezile ambazo kidonda hutuma, na mwili huitikia kwa moyo wote. Faibroblasti huja. Makrofeji, askari wa kinga, huja na vimeng'enya vyao. Wote wanafanya kazi waliyofunzwa, kufumua cha zamani ili kuponya, na hakuna kinachopona. Tena, ndani ya matriksi ile kulikuwa kumehifadhiwa ishara za ukuaji, zimenaswa kati ya nyuzi kama pesa iliyoshonewa kwenye pindo. Ukifumua zinamwagika. Mishipa mipya ya damu inaitwa kwa pesa hiyo.

Kule kwenye mfupa ndiko nilikoumia zaidi. Mfupa ni kolajeni iliyojazwa kalsiamu, na seli ya saratani ya titi ikifika pale kwa kawaida haiuvunji kwa mikono yake. Huwachochea osteoklasti, mafundi wa mwili wenyewe wa kubomoa mfupa uliochakaa, nao hubomoa kwa asidi na kimeng'enya kiitwacho kathepsini K. Mfupa ukibomoka unaachia ishara zinazoilisha saratani. Saratani ikishiba huwachochea mafundi zaidi.

Daktari Stephen Paget wa London alipitia habari za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya titi, akaandika mwaka 1889 kwamba mbegu huangukia kote lakini huota panapoifaa. Mfupa unaifaa. Sasa angalau nilijua mbolea ni nini.

Na nikaelewa dripu ya senje. Ile asidi ya zoledroniki anayoitiwa Kisumu, ambayo sisi nyumbani tulikuwa tunaiita "maji ya mifupa" na kuilalamikia nauli yake, huwalemaza osteoklasti. Inawanyang'anya mafundi nyundo. Sikuwahi kuisifu dawa hiyo. Wiki ile niliisifu peke yangu jikoni.

## Siku tatu za matumaini

Msomaji ameshajiuliza. Kama wembe unajulikana, kwa nini usizibwe?

Niliamini hivyo kwa siku tatu. Miaka ya 1990 kampuni nyingi ziliamini hivyo pia. Kampuni moja ya Oxford ilitengeneza marimastat, kidonge ambacho kiliishika zinki ya MMP na kuzima makali. Kwenye panya kilifanya vizuri. Kwa binadamu, jaribio baada ya jaribio, hakikurefusha maisha kama walivyotumaini. Wagonjwa walipata maumivu ya viungo, mabega yakakakamaa, mikono ikakaza. Kwenye saratani ya titi iliyosambaa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 hayakuonyesha faida yoyote, na waliokuwa na dawa nyingi zaidi damuni hawakuwa ndio waliopona. Waliishi muda mfupi zaidi. Dawa nyingine ya namna hiyo ilisimamishwa mwaka 1999 baada ya wagonjwa wa saratani ya mapafu waliopewa kufanya vibaya kuliko wasiopewa.

Nilikasirika kama niliyetapeliwa. Kisha nikasoma sababu, na hasira ikageuka kitu kingine.

Dawa zililetwa mwishoni. Wagonjwa wengi waliojaribiwa tayari walikuwa na saratani iliyosambaa, bitana imeshavukwa zamani. Kumfungia mlango aliyekwisha kutoka kuna maana gani? Tena dawa zilizima nyembe zote pamoja, mbaya na njema. Mwaka 2003 watafiti wa Hispania walionyesha kwamba panya dume wasio na kimojawapo, MMP-8, walipata uvimbe mwingi zaidi wa ngozi. Kumbe nyembe nyingine zilikuwa zinatulinda.

Mwaka huohuo 2003 Katarina Wolf na Peter Friedl, wakiwa Ujerumani, walizima vimeng'enya vya seli za saratani zilizowekwa ndani ya kolajeni, wakazitazama kwa darubini. Seli hazikukoma. Zilijiviringa, zikalegea, zikaanza kujipenyeza kati ya nyuzi kama amiba, bila kukata kitu.

Ukiinyima wembe, inajifinya ikapita.

Sikufungua kompyuta kwa siku nne baada ya hapo.

(Kwa wale watakaonitumia ujumbe: ndiyo, doksisaiklini, ile doxy ya duka la dawa, hupunguza vimeng'enya hivi, na kwa kipimo kidogo sana iliidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa ugonjwa wa fizi. Fizi. Tafadhali usimnunulie mgonjwa wako wa saratani kapsuli kwa sababu umesoma hapa.)

## Kisu na lawama

Kilichobaki ni lile ambalo ningependa kuliruka. Je, wazee wana ukweli wowote?

Wanao kidogo, na nisipousema watajua nawaficha. Sindano ya biopsi inaweza kuacha seli kwenye njia yake. Hutokea kwa nadra, na inajulikana zaidi kwenye saratani chache kama ya ini. Upasuaji ni kidonda, na kidonda huita faibroblasti na makrofeji walewale niliowataja. Madaktari wanajua hayo, ndiyo maana hupanga njia ya sindano na ukubwa wa kipande cha kuondoa.

Lakini hofu ya wazee imejengwa juu ya dhana kwamba uvimbe usioguswa umelala. Hapo ndipo ilipoanguka. Haulali. Kila usiku wa ile miezi minane kulikuwa na kufumua. Tulikizuia kisu cha nje tukadhani tumezuia visu vyote.

Nilitafuta pia neno la kumfariji, nikalipata, nalo ni la kweli: kwa baadhi ya wanawake ambao saratani yao imegunduliwa mapema, uvimbe bado mdogo, seli chache tayari hukutwa kwenye uboho wa mifupa. Yaani huenda ya senje ilishatoka Julai ile, au kabla. Huenda Septemba isingebadilisha kitu.

Niliandika sentensi hiyo kwenye karatasi ndogo nikaitia mfukoni, kama mtoto anayekwenda na majibu kwenye mtihani.

## Khayega

Nilimkuta barazani, cherehani mbele yake, mto mgongoni. Safari hii alikuwa akilegeza kiuno cha suruali ya mjukuu. Nilikaa kwenye kigoda. Sikuanza na saratani. Nilianza na viluwiluwi wa Ahero, naye akacheka kwamba nauli ya kutoka Nakuru imekwenda kutazama vyura.

Nikaendelea. Bitana, nikasema, na akatikisa kichwa mara moja tu, kama mtu anayesikia habari za mji anaoujua. Uzi mmoja mmoja. Karatasi kwenye wembe. Majirani wanaoitwa kuponya wakaishia kufumua. Mafundi wa mifupa na ile dripu inayowanyang'anya nyundo.

"Hiyo ndiyo naumwa mwili siku mbili baadaye?"

"Hiyo ndiyo."

Akanyamaza. Alikuwa ameushika wembe lakini haukuwa unatembea.

"Kumbe ilikuja na wembe wake."

"Si wake, senje. Ni wetu. Ni ule unaofunga vidonda."

Akauangalia ule wa mkononi, upande wa makali, kisha upande wa karatasi. Kuku alipita chini ya cherehani. Nilijua linalokuja, nikaingiza mkono mfukoni.

"Ile miezi," akasema.

"Miwili si yako. Ni ya kliniki."

"Sita ni yangu."

Nikamwambia kuhusu uboho. Nilimwambia vizuri, polepole, kwamba huenda zilikuwa zimeshatoka Julai, kwamba kuna wanawake wanaowahi na bado. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kama anavyomsikiliza mchungaji mgeni.

"Huenda," akasema. "Lakini sita ni yangu, mwalimu. Usinifumulie hiyo."

Akarudi kwenye suruali. Alimaliza upande mmoja, akageuza, akamaliza wa pili, akapuliza vipande vya uzi vikaanguka miguuni pake. Kutoka barabarani zilianza kusikika sauti za watoto wa shule ya msingi. Akaukunja wembe ndani ya karatasi yake, wote safari hii, akanipa.

"Nirudishie kwenye kopo," akasema. "Na ulifunge. Wanakuja."